Umeme wa Pampu ya Moyo Usikatike: Mwongozo kwa Mwenye Pampu na Anayemuuguza

Kila familia inayorudi nyumbani na mgonjwa aliyewekewa pampu ya moyo huja na maswali yaleyale. Umeme ukikatika usiku tuna dakika ngapi? Naweza kutoa betri zote mbili kwa mkupuo? Hii plagi naweza kuichomeka kwenye ekstensheni? Mbona kifaa kinalia na hakuna aliyegusa kitu? Nimemuuguza mume wangu akiwa na pampu kwa miaka kadhaa, na maswali haya nimeyajibu kwa simu mara nyingi mno, mengine saa nane usiku huku anayeuliza akilia. Nimeyapanga hapa uyasome kabla hujayahitaji.

Takwimu nyingi nilizotaja ni za HeartMate 3, kwa kuwa ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu. Kama mgonjwa wako ana pampu nyingine, mpangilio wa kazi ni uleule ila namba zitazame kwenye kitabu chake. Na popote neno langu litakapopishana na la timu ya pampu hospitalini kwenu, fuata lao.

Umeme unapita wapi

Pampu imeshonwa kwenye chumba cha chini cha kushoto cha moyo, na haina betri ndani yake. Inakula umeme kidogo tu, wati 4 au 5 hivi, chini ya balbu nyingi za LED, lakini inautaka kila sekunde. Umeme huo unaanzia kwenye betri mbili au kwenye kifaa cha ukutani, unapita kebo mbili, nyeupe na nyeusi, unaingia kwenye kidhibiti kinachovaliwa kiunoni, kisha unafuata kebo ya pampu inayopenya ngozi ya tumbo.

Hesabu maungio yaliyopo kwenye njia hiyo. Pampu yenyewe huharibika mara chache, rota yake inaelea kwenye sumaku bila kugusana na kitu. Panapoleta shida ni kwenye maungio na kebo, na zaidi ya hapo ni mkono wa mtu uliochomoa kitu wakati usiofaa. Kwa hiyo hatua zote zinazofuata zinalinda jambo moja: vyanzo viwili vya umeme visitoke kwa wakati mmoja, hata kwa kufumba na kufumbua.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Kidhibiti kinachotumika, na kidhibiti cha akiba kilichokwisha kupangwa na hospitali kwa mgonjwa wako.
- Betri za kutosha kuzungusha: jozi inayotumika, jozi iliyojaa inayosubiri, na nyingine kwenye chaja.
- Klipu mbili za kushikia betri, na mbili za akiba.
- Chaja ya betri na kifaa cha ukutani, vyote vilivyotoka kwa watengenezaji wa pampu. Chaja inayofanana haitoshi.
- Betri ndogo 3 za AA za kifaa cha ukutani.
- Tochi ya kuvaa kichwani. Ya mkononi inakunyima mkono mmoja, na utaihitaji mikono yote miwili.
- Spiriti, kitambaa kisichoacha nyuzi, kalamu ya wino usiofutika na daftari.
- Namba ya simu ya timu ya pampu inayopatikana saa 24, imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Simu huisha chaji.

Hatua kwa hatua

1. Chagua soketi ya kitandani, uifanye kuwa ya pampu peke yake.

Iwe soketi ya ukutani yenye waya wa ardhi, inayoshika plagi barabara. Isiwe inawashwa na kuzimwa na swichi ya taa. Hili watu hulipita harakaharaka, nami nililipita. Tulilala kwa jamaa, nikachomeka kifaa cha ukutani kwenye soketi iliyokuwa karibu na kitanda, kila kitu kikawaka, nikaridhika. Usiku mtoto wa nyumba hiyo akapita koridoni, akaona swichi imewashwa, akaizima kama alivyofundishwa. Soketi yetu ilikuwa chini ya swichi hiyo. Niliamshwa na king'ora, na dakika nzima ilipita kabla sijaelewa kwa nini taa za nyumba nzima zinawaka ila kifaa chetu kimekufa.

Tangu siku ile, nikifika mahali pageni nachomeka taa ndogo kwenye soketi, kisha nazima swichi moja moja chumbani na koridoni kuona kama itazimika. Kama soketi ina kitufe chake chenyewe, kiwashe halafu ukifunike kwa utepe mpana.

*Kosa la kawaida:* ekstensheni. Inalegea, inakwaliwa na miguu, na mtu atachomeka pasi hapohapo. Kama kebo haifiki, sogeza kitanda.

2. Zipe betri namba na tarehe.

Andika 1A na 1B, 2A na 2B, na kuendelea, pamoja na mwezi na mwaka wa kuanza kuzitumia. Jozi isitenganishwe. Betri zikizeeka pamoja huisha pamoja, lakini ukichanganya mpya na kuukuu, ile kuukuu itakuangusha mapema na saa zako zote hazitakuwa na maana.

Betri hizi hustaafishwa zikifika miezi 36 au zikichajiwa mara 360, lolote litakalotangulia. Watu hukumbuka miezi na kusahau mara. Jozi inayochajiwa siku moja na kupumzika siku moja hufikisha mara 360 ndani ya takriban miaka 2, mwaka mzima kabla ya ile miezi 36. Ndiyo sababu ya daftari: weka alama moja kila unapoitoa kwenye chaja.

3. Zungusha chaja kwa ratiba.

Kuchaji huchukua kama saa 4. Jozi mpya iliyojaa huweza kumpeleka mgonjwa hadi saa 17, lakini hicho ni kikomo cha juu kabisa. Betri zikichakaa, au pampu ikizungushwa kwa kasi zaidi, saa hupungua. Mimi hupanga kana kwamba jozi ina saa 10, na sijawahi kujuta.

Taa ya kijani kwenye chaja ndiyo ruhusa pekee ya kuitoa betri. Taa ya njano inayowakawaka ina maana chaja inataka kuipima betri upya, kazi inayoweza kuchukua hadi saa 12. Iruhusu, lakini betri moja kwa wakati, na usianze siku unayotarajia umeme kusumbua. Nyekundu: iweke pembeni, wapigie hospitali.

Betri zisitumike kwenye joto linalozidi nyuzi 40 wala chini ya nyuzi 0. Ndani ya gari lililoegeshwa juani joto hilo hupitwa upesi kuliko unavyodhani. Na betri ya akiba isikae mfuko mmoja na funguo au sarafu, kwani chuma kikiunganisha ncha zake italeta shoti.

4. Badilisha betri: moja, kisha nyingine.

Hapa ndipo pa kufanyia mazoezi mpaka mikono ikariri.

a) Mgonjwa aketi. Betri mbili mpya ziwekwe mapajani au mezani mbele yenu, si kwenye begi la chumba kingine. Bonyeza kitufe cha kila betri, taa 4 ziwake. Kila taa ni kama robo ya chaji.

b) Toa betri moja tu kwenye klipu yake. Kidhibiti kitalia na taa ya njano itawaka. Usishtuke, kinakukumbusha kwamba sasa pampu inategemea chanzo kimoja.

c) Linganisha mshale wa betri na mshale wa klipu, sukuma hadi isikike "tak". Ninaposikia tak huwa siiamini bado: naivuta betri kidogo kwa vidole viwili. Iliyoingia vizuri haitikisiki. Iliyoingia nusu huteleza kama droo.

d) Ngoja kidhibiti kinyamaze. Kisha, na si kabla, toa ya pili na urudie.

e) Zilizotoka ziende kwenye chaja papo hapo. Ukiziacha mezani, kesho mtu atadhani zimejaa.

*Kosa la kawaida, nalo ndilo baya kuliko yote:* kutoa betri mbili pamoja "ili kuokoa muda." Kidhibiti kina betri ndogo ya dharura ndani yake inayoweza kuendesha pampu kwa dakika 15 angalau, hivyo huenda ukafanya kosa hili mara kumi usione madhara. Lakini unaitafuna akiba iliyowekwa kwa ajili ya usiku wa shida, na ukilizoea kosa hili utalifanya pia siku akiba hiyo imechoka.

*Kosa jingine:* kuzima na kuwasha kama tunavyofanya kwa simu ikigoma. Pampu ya moyo haiwi sawa kwa kuzimwa. Ikisimama, damu hutuama ndani yake na kuweza kuganda, na ikirudi kuzunguka donge linaweza kupanda kichwani. Tena si kila pampu huanza upya kwa hiari. Kampuni ya Medtronic iliacha kuuza pampu yake ya HVAD Juni 2021, na moja ya sababu ilikuwa kwamba baadhi zilichelewa au zilishindwa kuanza tena baada ya kusimama. Wapo wanaoishi nayo mpaka leo. Kama ni wewe, soma aya hii mara mbili.

5. Hamia kwenye umeme wa ukutani kabla ya usingizi.

Mgonjwa asilale akiwa kwenye betri. Usingizi mzito humeza alamu, na betri hazitamngoja aamke. Hata usingizi wa mchana kwenye kochi ni usingizi.

Utaratibu ni uleule wa mkono mmoja: chomoa kebo nyeupe kwenye betri, iunganishe na nyeupe ya kifaa cha ukutani, kaza pete kwa vidole, ngoja utulivu. Kisha nyeusi kwa nyeusi. Asubuhi rudisha vivyo hivyo. Usitumie koleo kukaza. Pini zikikataa kuingia, tazama alama, geuza taratibu, jaribu tena. Pini iliyopinda kwa kulazimishwa ni kidhibiti kilichoharibika.

Jambo moja linalochanganya karibu kila mtu: zile betri 3 za AA kwenye kifaa cha ukutani haziendeshi pampu. Kazi yake ni kupiga king'ora umeme ukikatika. Zikifa, hutaupata ule mlio wa kukuamsha.

6. Ilinde kebo ya pampu kama mshipa.

Kwa kweli ndivyo ilivyo. Ifunge kwa mkanda wake tumboni ili mvuto wowote uishie kwenye mkanda usifike kwenye kidonda, pale inapopenya ngozi. Iwe na mkunjo mpana, isipindwe kona, isizungushwe kama kamba, isibanwe na zipu wala mkanda wa suruali. Kidhibiti kisiachwe juu ya meza mgonjwa anaposimama. Kikianguka kitaivuta kebo kwa uzito wake wote. Chooni ndiko ajali hii inakotokea zaidi, watu wanakiweka kwenye kisinki na kukisahau. Kivaliwe shingoni au begani kabla suruali haijashushwa.

Kwenye HeartMate 3 kipande cha nje cha kebo hii hubadilishwa hospitalini bila upasuaji. Kipande cha ndani si rahisi hivyo. Kwa hiyo ukiona ganda limepasuka au limevimba, usizungushie utepe wa umeme ukanyamaza. Piga picha, piga simu.

Kuogelea hapana. Kuoga ni mpaka timu iruhusu, na kwa mfuko maalumu wa kuogea. MRI, kile kipimo cha mashine ya sumaku kali, hapana kabisa. Kupiga vumbi kwa mashine ya kufyonza mwachie mtu mwingine, huzalisha umeme tuli.

7. Begi la akiba lisibaki nyuma.

Ndani yake: kidhibiti cha akiba, betri 2 zilizojaa, klipu 2, kadi ya dharura yenye namba za simu na aina ya pampu. Mgonjwa akienda getini kupokea mgeni, begi linakwenda getini. Najua linaonekana ni jambo la kupita kiasi. Linakwenda.

8. Panga usiku wa giza mchana kweupe.

Umeme wa nyumba ukikatika, betri ya dharura ya kidhibiti inashika pampu na king'ora kinalia. Dakika 15 hizo zinatosha kabisa kama betri zilizojaa ziko mkononi, lakini ni chache mno kama ziko kwenye kabati la chumba kingine na tochi haijulikani ilipo. Kwa hiyo jozi iliyojaa na klipu zake zikae upande wa kitanda anaoweza kuufikia mgonjwa mwenyewe, kila usiku, mahali palepale. Fanyeni zoezi: punguza mwanga, vaa tochi, hamia kwenye betri kebo moja moja. Familia ikiwa na watu wawili wanaojua, nyote wawili mfanye. Siku ya kweli huenda aliyezoea ndiye asiyekuwepo.

Kwa mahali ambapo umeme hukatika kwa saa nyingi, jenereta au inveta inasaidia, ila si kila umeme wake ni mzuri kwa kifaa cha tiba. Inveta iwe ya wimbi laini kama la gridi, si ile ya bei rahisi yenye wimbi la ngazingazi. Mtazamo wangu, nao uulize hospitali kwenu kwanza: jenereta ichaji betri, betri ziendeshe pampu. Jenereta ikikohoa, anayepata mshtuko ni chaja, mgonjwa hajui lolote. Jenereta yenyewe ikae nje, mbali na madirisha, moshi wake unaua. Na shirika la umeme lijulishwe kwa barua ya hospitali kwamba nyumba hiyo ina mtu anayetegemea umeme kuishi.

9. Kagua kila siku, kila wiki, na kila miezi 6.

Kila wiki, mgonjwa akiwa kwenye umeme wa ukutani, futa sehemu za chuma za betri na klipu kwa kitambaa chenye spiriti, ziache zikauke kabisa. Pitisha vidole kwenye kebo zote ukitafuta mkwaruzo. Kitufe cha kidhibiti cha kujipima kibonyeze kila siku, taa zote ziwake na mlio usikike.

Kila miezi 6 toa kidhibiti cha akiba begini, kiunganishe na umeme ili betri yake ya ndani ijae na kijipime. Siku hiyohiyo badilisha zile AA 3. Kidhibiti cha akiba kisichochajiwa hukaa begini kizuri kwa macho, na siku ya shida hakina nguvu.

Kwa nini isiwe bila waya?

Mgonjwa mwenyewe ndiye huuliza hili, hasa kidonda cha kebo kinapomsumbua. Ilishajaribiwa. Moyo bandia wa AbioCor, uliowekwa mara ya kwanza Louisville, Marekani, mwaka 2001, ulipokea umeme kupitia ngozi kwa koili mbili, moja nje na moja ndani. Ugumu ni kwamba koili lazima zikae zikitazamana hata mtu akigeuka kitandani, na umeme unaopotea njiani hugeuka joto ndani ya mwili. Kazi inaendelea. Kwa sasa kebo ndiyo tuliyo nayo, na ndiyo ya kutunza.

Mambo yakienda kombo

*Alamu ya njano, mgonjwa yuko sawa.* Tazama kwanza kebo mbili za umeme. Mara nyingi moja imelegea au betri imeingia nusu. Ichomoe hiyo moja, ifute, irudishe mpaka isikike tak. Ikiendelea, badilisha klipu, bado moja moja.

*Taa ya njano yenye umbo la almasi.* Betri zina chini ya dakika 15. Badilisha sasa.

*Taa nyekundu yenye alama ya betri.* Chini ya dakika 5, na kidhibiti kitapunguza kasi ya pampu ili kubana umeme. Unganisha chanzo chochote kilichojaa, kebo moja, halafu ya pili.

*Betri iliyojaa jana imeisha upesi.* Tazama daftari: umri na mara ilizochajiwa. Kama bado changa, jaribu klipu nyingine. Kama tatizo linaifuata betri hiyohiyo, istaafishe.

*Alamu inakuja mgonjwa akigeuka au kuinama, kisha inapotea.* Huenda uzi mmoja ndani ya kebo ya pampu unakatika. Usijaribu kuitikisa ili uone inatokea wapi. Mgonjwa akae mkao usioleta alamu, piga hospitali, mwende leo hiihii.

*Taa nyekundu yenye alama ya moyo na mlio usiokatika.* Hakikisha kebo ya pampu imeingia na kufungwa kwenye kidhibiti, kisha kebo za umeme. Mmoja wenu apige simu ya dharura na ya timu wakati mwingine anaangalia. Usitafute mapigo kwenye kifundo cha mkono, huenda hayasikiki hata pampu ikiwa nzima. Weka sikio au stetoskopu kifuani usikie mvumo. Kidhibiti kibadilishwe na aliyefundishwa tu, huku timu ikiwa kwenye simu, na kama pampu imekwisha kusimama kwa dakika kadhaa waambie hilo kabla ya kuiwasha tena. Andika saa iliposimama, hata kwa kalamu kwenye kiganja.